Mama wa Vikwembe Vikavu

Kwetu Kashuga, mtu aliyezamishwa majini kwa ubatizo akiibuka alikutana na kikwembe kabla hajakutana na mkono wa pongezi wa mchungaji. Kikwembe ni kitenge, kwa wasiojua tunavyosema huku. Kilikuwa kikavu, kimepauka rangi, kinanuka sabuni na moshi wa kuni. Nyuma ya kikwembe kulikuwa na mikono miwili mifupi, minene, na nyuma ya mikono alikuwa yeye. Tulimwita Mama wa Vikwembe. Jina lake la kweli alikuwa nalo, bila shaka, ila aliyewahi kumwita kwalo simjui.

Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza. Mto wetu unashuka kutoka kwenye milima ya malisho, na baridi yake inaingia mpaka kwenye meno. Wanaobatizwa huvaa nguo nyeupe, na nguo nyeupe ikilowa juu ya msichana haifichi kitu. Basi lazima asimame mama ukingoni, amfunike haraka, ampanguze kichwa, amsukume pembeni akabadilishe nguo. Makanisa mengine yalikuwa na mama wa kazi hiyo mara moja moja. Sisi tulikuwa naye miaka yote.

Alizaliwa wapi, ukoo wake upi, mume alimwacha ama alikufa, hayo siyajui na sitajitia kuyajua. Ninamwandika kwa sababu nilipokuwa msichana nilikuwa natafuta pa kusalia, nikizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, na kila nilikokwenda nilimkuta yeye amenitangulia. Na pia kwa sababu baba yangu, aliyekuwa mzee wa kanisa, aliniambia neno moja lililonikaa rohoni miaka mingi: "Ukibatizwa kwa bengine, usiniite tena Papa." Bengine ni wengine, watu wa makanisa mengine. Baba hakuwa mtu wa kutisha watoto bure. Kwa hiyo nilitafuta kwa hofu. Niliogopa kukosa, na niliogopa zaidi kupata.

Nianze na vikwembe vyenyewe. Alikuwa navyo vingi kuliko mwanamke yeyote wa mlima wetu, na hakuna hata kimoja alichoweza kuvaa akaenda nacho harusini. Vilikuwa vya sherehe za zamani za akina mama, vingine vimechapwa picha za watu ambao hakuna aliyewakumbuka tena. Alivitundika juu ya jiko lake vikae vikavu hata wakati wa mvua, ambao kwetu ni karibu mwaka mzima. Akikufunika kwa kimoja, ni mkopo. Ulitakiwa kukirudisha kimefuliwa, kimekunjwa. Usipokirudisha, alikuja nyumbani kwako asubuhi, akakaa mlangoni bila kusema anataka nini, akaongea habari za maharage na ugonjwa wa mihogo mpaka wewe mwenyewe uone aibu uingie ndani kukitafuta. Mchungaji mmoja alifuatwa hivyo kwa ajili ya mke wake, na alikuwa na wageni.

Kwa vikwembe alikuwa na mkono wazi, lakini kwa chumvi Mungu atusaidie. Aliiweka kwenye kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko kigumu, na kopo akalilaza chini ya kitanda. Ukienda kuomba ya kutia kwenye sombe, yaani majani ya mihogo ya kutwanga, alikupa punje za kuhesabika kwenye kiganja, halafu anakutazama kiganja. Kwake sombe ililiwa karibu bila chumvi, na hakuna aliyethubutu kulalamika. Mama yangu alikuwa akienda kumtembelea na chumvi yake kwenye ncha ya kikwembe.

Kitu kingine kilichomtenga na watu ni kwamba hakuweza kusema uongo. Sisemi hakupenda. Hakuweza. Ulimi wake ulikataa hata ule uongo mdogo tunaoishi nao kwa amani. Mara moja tulikwenda kundi zima kwenye harusi Kirolirwe, kwa wafugaji, tukapewa maziwa mgando kwenye vibuyu vizuri, na mama wa bibi arusi akapita akiuliza kama ni matamu. Sote tukaitikia matamu, matamu sana. Alipofika kwake, akafikiri, akasema, "Iko na moshi mingi." Yule mama akasimama pale na kibuyu chake. Tulipokuwa tunarudi, mama yangu akamkemea njia nzima. Yeye akajibu kwa upole kabisa, "Mimi uongo inanishindaka. Na aliniuliza."

Msomaji aishike habari hii ya uongo, nitairudia.

Sasa nifike kwangu. Nilisoma mafundisho ya ubatizo katika kanisa la wazazi wangu mwaka mzima. Nilijua majibu yote. Kwenye kwaya niliimba sauti ya pili, na watu walisema Riziki ana roho ya Mungu. Mimi ndiye niliyejua kwamba ndani hapakuwa na kitu. Nilikuwa nafungua mdomo, sauti inatoka, na moyo umekaa pembeni unangoja tumalize. Siku ya ubatizo, baba yangu alisimama ukingoni kwenye koti lake la Jumapili akiita majina. Alipoita langu, sauti yake ilipanda kidogo kwa fahari. Nikaingia. Maji yalipofika magotini nikamwona mchungaji amenyoosha mikono, na nikajua kwamba nikiendelea nitakuwa nimemdanganya Mungu mbele ya kijiji kizima. Nikageuka, nikatoka.

Ng'ombe ng'ambo ya mto walisikika wakitafuna. Baba hakuita jina lililofuata. Mimi nilisimama kwenye majani nikitetemeka, nguo kavu juu, imelowa chini, sijui niende upande gani. Ndipo nikasikia kikwembe kinanizunguka.

"Kuya hapa, mutoto," alisema Mama wa Vikwembe. "Magoti pia inasikiaka baridi."

Akapiga magoti, akanipanguza miguu kwa utaratibu, mmoja halafu mwingine, kama kwamba hicho ndicho kilichomleta mtoni siku hiyo. Hakuniuliza nina nini. Jioni ile ndiyo baba aliniambia neno lile la kutomwita Papa.

Baada ya hapo nilianza kuzunguka. Nilikwenda kwa watu wa maombi ya nguvu, wenye spika kubwa na jenereta. Waliniwekea mikono kichwani, wakaniambia nilie. Nililia, maana nilikuwa na mengi ya kulilia, lakini nilipofika nyumbani nilikuwa nimechoka tu. Walipopeleka watu wao mtoni niliwasindikiza nikajificha nyuma ya kundi nisionekane na mtu wa kwetu. Mtu wa kwetu alikuwa amesimama mbele kabisa, na furushi la vikwembe kichwani. Aliniona, akanitikisia kidevu, akaendelea na kazi.

Nikaenda kwa wanaosali Jumamosi. Hao niliwapenda. Walikuwa wapole, walisoma taratibu, walijua Biblia yao mpaka kwenye pembe. Lakini walinikataza chai, na mimi kwenye baridi ya milima yetu ya Masisi bila chai si mtu wa kukaa naye. Nilivumilia kwa muda, nikawa mkali kwa wadogo zangu, nikaona hapana, Mungu hawezi kuwa anataka hivi. Siku ya ubatizo wao, pale mtoni, yeye tena. Hata kwa jirani yetu Mwislamu, muuza chumvi, nilikaa wiki kadhaa akinionyesha kutawadha, na nilipenda jinsi anavyonyamaza kabla ya kuanza kusali. Nikafikiri, huku angalau sitamkuta Mama wa Vikwembe. Asubuhi moja nikamkuta kibarazani anabishana bei ya chumvi.

Kwa nini alikuwa kila mahali? Kwa sababu vikwembe vikavu vya kutosha alikuwa navyo yeye peke yake, na yeyote aliyemwomba alikwenda. Kwanza walimwomba watu wa kambi ya wakimbizi, waliokuja na makanisa yao bila hata shuka, halafu wengine wote wakafuata. Kanisa letu halikufurahi. Wazee walimwita, na baba yangu ndiye aliyemhoji. Tulisikia yote, maana nyumba ya ibada ina ukuta wa mbao zenye nafasi.

"Mama, weye uko wa kanisa gani?"

"Ya hapa."

"Na kwa bale bengine unaendaka kufanya nini?"

"Kupanguza bantu."

"Unapanguza bantu ba mafundisho ya uongo!"

"Mzee," alisema, "muntu mwenye anatoka mu mayi hana kanisa. Iko na baridi tu."

Wakamweka chini ya nidhamu. Kwetu nidhamu maana yake ni kukaa benchi la nyuma, huombi mbele ya watu, hushiriki meza ya Bwana, mpaka usimame kanisani uombe msamaha. Alikaa benchi hilo misimu miwili ya maharage. Na Jumapili za meza, baada ya wengine kunywa, ni yeye aliyekusanya vikombe vile vidogo akaenda kuviosha mtoni, kwa sababu tangu zamani ilikuwa kazi yake na hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya. Hakugusa tone. Baba yangu alimwona akifanya hivyo, na nilimwona baba akimwona. Jumapili moja alimsaidia kubeba beseni.

Mwishowe wakamwambia aombe msamaha, yaishe. Akasimama mbele, mikono imekunjwa tumboni. Kanisa lilijaa, maana watu walikuja kusikia. Akasema, "Naomba musamaha juu nilikuwa nasinziaka mu mahubiri. Ya bikwembe, sina ya kuomba." Akakaa. Ilikuwa kweli kwamba alisinzia kwenye mahubiri, na alikoroma, sote tuliwahi kumsikia. Mchungaji aliinama kutafuta kitu kwenye Biblia, mabega yanatikisika kwa kicheko. Wazee wakatazamana, wakaona msamaha umeombwa, wakamrudisha mbele. Wiki iliyofuata alikuwa mtoni na watu wa Jumamosi.

Lakini yeye mwenyewe hakuingia majini. Hilo ni jambo lililonisumbua. Maji yakifika kwenye vifundo vya miguu alirudi nyuma. Aliogopa mto waziwazi, mtu mzima namna ile, na akivuka kivuko cha mti alishika nguo ya aliyemtangulia. Sijui kama aliwahi kuzamishwa popote. Nilimwuliza siku moja tulipokuwa tunapalilia mihogo.

"Mama, juu ya nini weye hauingiake mu mayi?"

"Nikiingia, nani atashika kikwembe?"

Nikadhani anakwepa. Lakini mtu huyu hakujua kukwepa. Nimekuja kuamini kwamba alijibu kama alivyoulizwa, na kwamba katika kutafuta kwangu kote nilikuwa nimeangalia tu waliosimama ndani ya maji.

Katika miaka ile sikumwomba ushauri wa njia ipi nifuate, na hakunipa. Angetaka kunivuta angeweza, nilikuwa mwepesi wa kuvutwa. Sala yake niliisikia mara chache na ilikuwa fupi kuliko ya watoto. "Mungu, tuko hapa," halafu kimya, halafu amina. Mimi niliyechoshwa na maneno mengi nilikuwa naona huyu mama hajui kusali. Nikaenda kutafuta mbali.

Mbali kwenyewe kukawa Walikale. Nilipata kazi ya kufundisha shule ya msingi, nikashuka kutoka baridi yetu nikaingia kwenye joto la msitu, ambako nguo haikauki kwa sababu ya jasho badala ya mvua. Huko, pembeni ya mji, nikaingia siku moja kwenye kanisa dogo la mbao kwa sababu mvua ilinikuta njiani. Walisoma, halafu wakakaa kimya. Si kimya cha kungoja mtu aanze. Kimya chenyewe. Mvua inapiga bati, watu wamekaa. Halafu kijana mmoja akauliza swali gumu kuhusu kufa kwa watoto, na mchungaji akasema, "Hiyo mimi siijue. Tuikalie pamoja." Mvua iliisha na mimi sikutoka. Nilirudi Jumapili iliyofuata, na iliyofuata. Moyo wangu, ambao ulizoea kukaa pembeni ukingoja tumalize, siku moja nikaukuta umekaa nami kwenye benchi. Sikutokwa na machozi wala sikuona mwanga. Nilipumua tu, kama mtu aliyetua mzigo.

Nikaomba kubatizwa. Nikapangiwa Jumapili. Na furaha ile ikaja na hofu yake ile ile ya zamani, kwa sababu sasa nilikuwa nimepata, na neno la baba lilikuwa bado limesimama mlangoni.

Ni katika siku hizo, sokoni, upande wa akina mama wanaouza majani ya mihogo, nikasikia mtu akibishana bei ya chumvi. Nikajua sauti kabla sijageuka. Alikuwa amezeeka, amepungua kimo, ila mikono ni ile ile. Binti yake ameolewa Walikale, alimchukua kwa sababu milima ilimshinda magoti.

"Riziki? Njo weye?"

"Njo miye, Mama."

"Umekonda. Ulipata kanisa?"

Hivyo tu, kama mtu anayeuliza ulipata mbuzi wako aliyepotea. Nikamwambia nimepata, na kwamba dimanche, yaani Jumapili, inayokuja naingia majini.

"Papa yako anajua?"

"Hapana. Naogopa, Mama. Naogopa sana."

"Sawa," alisema, akarudi kwenye chumvi yake. Niliondoka nimeumia kidogo. Nilitaka anifariji. Sikujua kwamba siku ile ile alikwenda kwenye kituo cha pikipiki, akamtafuta kijana anayepanda kuelekea Kashuga, akampa ujumbe wa mdomo kwa baba yangu, na ujumbe ulikuwa huu: mutoto yako anaingia mu mayi dimanche, akitoka atakuwa na baridi.

Jumapili ikafika. Mto wa Walikale ni mpana, wa rangi ya chai, na maji yake ni vuguvugu. Hakuna mtu anayetetemeka akitoka mle. Wabatizwa wa huko huacha jua liwakaushe, wakiimba. Mama wa Vikwembe alikuwa ukingoni hata hivyo, na kikwembe kimoja tu begani. Na nyuma yake, chini ya kivuli, kando kabisa na watu, alisimama mwanamume mwenye koti la Jumapili lililojaa vumbi la barabara, jasho linamtiririka, hataki kulivua.

Nikamwendea, nikamsalimia bila kutaja jina lolote, kwa sababu sikujua nimwiteje.

"Nimekuya kuangalia tu," baba alisema, akitazama mto. "Sikukuya kuimba."

Nikaingia majini. Nilipofika magotini nilisimama. Nadhani watu wa ukingoni walidhani naomba. Nilikuwa nasikiliza kama kuna kitu ndani kinachoniambia nigeuke, na hakikuwepo. Nikaendelea mpaka kiunoni, mchungaji akanishika, nikazama, nikaibuka. Maji yalinitoka masikioni, na kitu cha kwanza nilichosikia ni sauti yake yeye kule juu, kubwa, ya kulalamika.

"Mzee! Mikono yangu leo inakataa. Inatetemeka. Shika hii."

"Miye?" baba alisema.

"Unaona hapa muntu mwingine mwenye kumuzala?"

Nilipanda ukingo polepole, nguo imenishika mwilini, macho chini. Nikaona viatu vya baba vimeingia kwenye tope. Nikainua macho. Alikuwa amekifungua kikwembe chote, mikono imetanuka, hajui kukishika vizuri, ncha moja inaburuta. Nikaingia ndani yake. Alinifunika, akaanza kunipanguza kichwa kwa nguvu, kama alivyonifanyia nilipokuwa mdogo tukinyeshewa shambani.

"Uko na baridi?" aliuliza. Jua lilikuwa kali kiasi cha kuchoma mgongo.

"Eeh, Papa," nikasema. "Niko na baridi."

Hakunikataza kumwita hivyo. Akazidi kunipanguza, na nikasikia pumzi yake ikimtoka ndefu, na yangu pia ikatoka. Sijui ni miaka mingapi tulikuwa tumeizuia.

Mchana tulikwenda kwa binti wa Mama wa Vikwembe. Baba alivua koti hatimaye, akakaa kwenye kiti cha kivulini na kikombe cha maji, akamweleza mwenye nyumba habari za bei ya maharage kana kwamba alikuja Walikale kwa ajili hiyo. Mimi nikaenda uani kusaidia kupika. Nilisikia mchi kabla sijafika. Mama wa Vikwembe alikuwa anatwanga sombe, peke yake, kinu kikubwa cha familia nzima, anainua mchi juu ya kichwa na kuushusha, du, du, du, bila kupumzika, mikono imetulia kama ya msichana. Nikasimama nikiitazama.

"Mama," nikasema, "na kutetemeka?"

Mchi ukasimama hewani. Yule mama aliyeshindwa kusifia maziwa ya harusi alinitazama, akatazama kivulini alikokaa baba, akanitazama tena. Nilimwona anatafuta la kusema, na nikaona kwamba hana uzoefu.

"Nyamaza," alisema. "Lete chumvi. Kopo iko chini ya kitanda."

Nikageuka kwenda. Akaniita.

"Riziki. Leo tia mingi."